Kona Niliyoipita Bila Kubisha

Marahaba, wanangu. Najua mngekuwa mbele yangu mngeniamkia kwanza, basi naanza na jibu ili tusikawie.

Mmeniomba, ninyi mnaoendesha boti za wageni kutoka Bagamoyo kuingia Mto Ruvu, niwaandikie ninayoyajua kuhusu kazi hii. Niliifanya miaka thelathini na moja, karibu yote kwa tajiri mmoja, daktari mstaafu wa Dar es Salaam aliyeupenda mto kuliko alivyowapenda baadhi ya jamaa zake. Alikuwa na boti yake mwenyewe ya faiba, yenye turubai la kivuli na viti sita. Kila alipopata nafasi alikuja na rafiki zake, tukavuka mlango wa mto, tukapanda juu siku mbili au tatu. Hatukuvua wala hatukubeba mzigo. Tulitembea tu, tukitazama ndege, viboko na mamba, tukipika ukingoni. Kazi yangu ilikuwa kuwapeleka na kuwarudisha. Kupeleka kila mtu anaweza. Mshahara ni wa kurudisha.

Nitawaandikia, lakini nitangulize lililo zito, msije mkadhani mnasoma habari za mzee anayejisifu. Miaka tisa iliyopita nilimpoteza mtu mtoni. Nitamwita Shabani, maana majina ya watu wake nimeyabadili. Alikuwa mtu wangu wa omo, yaani yule anayekaa mbele kabisa ya boti akiwa na kafi la kupigia maji na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia na kupimia kina. Baada ya msiba niliwaambia watu wake mambo mawili. Nilisema kwamba tulibisha hodi kwa viboko kama inavyopasa. Tena nilisema kwamba Shabani alitamka shahada kabla maji hayajamfunika. Yote mawili ni uongo wangu. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mjane wake kumwambia ukweli na kumwomba radhi. Yaliyonipata huko nitayafikia. Kwanza lazima mjue mto, maana asiyeujua mto hatalielewa kosa langu.

Aliyenifundisha ni Mzee Kibwana, Mkwere wa huko juu, aliyekuwa akivusha watu kwa mtumbwi tangu ujana wake. Daktari alimwajiri kwanza yeye, kisha mimi nikawekwa chini yake. Hakuwa na saa wala hakutaka kupewa. Akitaka kujua maji yatajaa lini, aliuliza mwezi una siku ngapi, akahesabu kwa vidole, akasema. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana alfajiri na alasiri, na hupwa sana katikati ya mchana. Siku za maji mafu hayajai sana wala hayapwi sana. Mlango wa Ruvu una mafungu ya mchanga yanayohama kama watu wa kupanga. Ukiingia maji yakijaa, hata ukigusa fungu, maji yenyewe yatakunyanyua. Ukitoka maji yakipwa ukagusa, umehamia hapo.

Mimi nilihamia hapo mara moja, na mheshimiwa mmoja rafiki wa daktari, aliyevaa viatu vyeupe. Nilichelewa kuondoka kambini kwa sababu kuku hakuiva. Tukakaa juu ya mchanga, boti imelala upande kama ng'ombe. Mheshimiwa akatazama saa yake, akasema, "Sasa nahodha, hakuna mtu wa kumpigia simu?"

Mzee Kibwana alikuwa amekwisha kukaa chini na kutoa kete zake za tumbaku. "Nimeshapiga, mheshimiwa," akasema. "Maji yamesema yatakuja saa kumi."

Yalikuja saa kumi. Mheshimiwa alitembea kwenye tope mpaka viatu vikawa vya rangi nyingine, na mwisho akacheka mwenyewe. Siku hizi mna ramani kwenye simu, na ni jambo jema, simlaumu mtu. Lakini ramani inaonyesha fungu lilipokuwa siku alipopita aliyeichora. Lilipo leo utalijua kwa upondo na kwa rangi ya maji. Maji yanayokimbia na kukunjana kunjana ni haba. Maji yaliyotulia, meusi kidogo, yana kina.

La pili nililofundishwa ni kutazama mkojo. Mnaijua mashine ya boti: inanyonya maji kujipoza, kisha inayatoa kwa nyuma kwa mfereji mwembamba. Sisi tukiita kukojoa. Isipokojoa, magugu yameziba chini, na mashine itajipika yenyewe. Kulitazama hilo kulikuwa jukumu la kila mtu. Siku moja tulimbeba mwalimu mstaafu, mama mtu mzima mwenye staha sana, na dada zake wawili. Tumefika penye magugu, Shabani akageuka kutoka omo akapiga ukelele, "Nahodha, haikojoi! Haikojoi kabisa!"

Yule mama akasema, "Kijana, shika adabu. Kuna wanawake humu."

Shabani akamjibu kwa upole kabisa, "Nisamehe, mama. Lakini isipokojoa tutabaki huku na adabu zetu."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini kasoro, baba wa watoto watatu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Nilimzidi umri sana, lakini alinitania kama mtani wake. Mkewe, Mwanaidi, aliniita shemeji tangu siku ya harusi yao, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama upande wa bwana harusi.

Niwape na la pini, kisha nisogee. Kwenye pangaboi, lile feni la chini ya maji linalosukuma boti, kuna pini ndogo laini. Pangaboi likigonga gogo, pini inakatika ili vyuma vya ndani vipone. Mimi ziliniishia, nikatia msumari wa inchi tatu. Nikajiona fundi. Gogo lililofuata halikuukata msumari, likavunja meno ya gia yote. Tulirudi kwa makafi siku nzima. Daktari alifungua mashine, akatazama muda mrefu, akasema, "Mshamu, umetibu homa kwa kumkata mgonjwa kichwa." Basi kila boti iwe na pini kumi kwenye kikopo, na kikopo kiwe kimefungwa kwenye boti kwa kamba.

Na kibla. Mto unapinda, na boti inageuka nao. Siku zangu za kwanza nilisimama kuswali alasiri boti ikiwa inatembea, na mpaka rakaa ya pili nilikuwa nimeelekea kusikojulikana. Mzee Kibwana aliningoja nimalize. "Umeswali pande zote," akasema, "mojawapo itakuwa yenyewe. Kesho utie nanga kwanza." Toka siku hiyo nilitia nanga, wageni wakisubiri. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kunung'unika. Nalikumbuka hilo kwa uchungu, kwa sababu linaonyesha wageni wangeweza kusubiri na mambo mengine pia, kama ningesema.

Sasa kubisha.

Mzee Kibwana alisema kiboko si mkorofi. "Kiboko ni mwenye nyumba aliyeingiliwa chooni. Hata wewe ungeuma." Dawa yake ni kubisha hodi. Kabla ya kila kona, unapunguza mwendo, mtu wa omo anagonga ubavu wa boti kwa mpini wa kafi mara tatu, ko, ko, ko. Kisha mnanyamaza. Viboko wakisikia mlio huo wanatoa vichwa kutazama ni nani. Hapo unawahesabu. Kila kona ina watu wake, na mtu wa omo anawajua idadi kama anavyojua majirani. Kama kona ni ya viboko saba na umeona sita, hupiti. Unagonga tena, unasubiri wa saba. Akitokea, unatazama kilindi kiko upande gani, na hujiweki kati yake na kilindi chake, kwa kuwa akishtuka atakimbilia huko huko na wewe utakuwa mlangoni.

Nimewasikia mkipita na muziki. Mmoja wenu aliniambia, "Babu, siku hizi hatuna haja ya kugonga, spika zinatosha." Mwanangu, hazitoshi. Kubisha ni kugonga kisha kunyamaza. Muziki hausubiri jibu.

Wala msidhani ninawacheka. Nilisema upuuzi kama huo huo kwa namna nyingine. Kwa miaka mingi tulikuwa na mashine ya zamani, ile ya kuchanganya petroli na oili, yenye moshi na kishindo cha kusikika kijiji cha pili. Kisha daktari akaleta mpya, isiyochanganywa oili. Ilikuwa kimya mpaka siku za kwanza nilikuwa nikishika kifuniko chake kwa mkono nijue kama imewaka. Niliipenda mashine ile kupita kiasi. Niliifuta kwa khanga safi. Wageni walisema hawajaona safari tulivu kama ile, nami nikajisikia kana kwamba utulivu ule nimeutengeneza mimi. Halikunijia akilini jambo dogo tu, kwamba mashine ya zamani miaka yote ile ilikuwa ikibisha yenyewe, na kafi lilikuwa nyongeza. Sasa kafi ndilo lililobaki peke yake.

Siku yenyewe daktari hakuwepo, alitutuma na rafiki zake, mume na mke waliokuja kutazama ndege. Watu wema, wametulia, wana darubini shingoni. Kuanzia asubuhi Shabani aligonga kila kona, na kila alipogonga ndege waliruka, na yule mwanamke akashusha darubini na kutabasamu kwa masikitiko. Hakusema neno. Ndiyo maana ilinichoma. Angenikaripia, ningemweleza habari za viboko naye angeelewa.

Tulifika kwenye kona ya viboko saba. Juu ya tawi lililoinama majini alikuwa ametua mdiria mkubwa, yule ndege mla samaki, na yule mwanamke akaweka kidole midomoni akimtazama mumewe. Nikapunguza mwendo. Shabani aliinua kafi. Mimi nikampungia mkono, acha.

Akabaki ameshika kafi hewani, akageuka. "Nahodha?" alisema kwa sauti ya chini. "Nawaona watano."

Nikasema, "Acha. Wanatuona."

Alinitazama kidogo. Angeweza kubishana, alikuwa na haki hiyo, mtu wa omo ana haki hiyo. Lakini kulikuwa na wageni, na Shabani alilelewa vizuri, hakuwa mtu wa kumwaibisha mkubwa wake mbele ya watu. Akaliweka kafi mapajani.

Tukaenda pengine kiasi cha urefu wa boti mbili. Kisha omo ikanyanyuka kama imesukumwa na bega, boti ikalala ubavu, nikamwona Shabani akitupwa na wale wageni wawili wakiteleza baada yake. Boti ikarudi ikasimama sawa, mimi nimeng'ang'ania usukani, mashine bado inazunguka. Wageni walikuwa wamevaa maboya, wakaelea. Yule mwanamke alikuwa akija kwa mkondo moja kwa moja kwenye pangaboi, na mimi sikumwona, nilikuwa nikimtazama kiboko. Shabani alimwona. Kichwa chake kilikuwa juu ya maji, akapaza sauti ile ile kubwa, "Zima mashine!"

Nikazima. Nikamvuta mwanamke, nikamvuta mume. Nilipoinuka kumtafuta Shabani, hapakuwa na mtu. Boya lake lilikuwa kwenye boti. Alikuwa na tabia ya kulikalia, kwa sababu ubao wa omo ni mgumu, nami nilikuwa nahodha wake na nilimwacha alikalie miaka kumi na minne.

Tulimpata asubuhi ya pili yake kwenye mikoko. Hakuwa na jeraha. Maji tu.

Waliokuja kuuliza waliandika kwamba ni ajali. Niliwaambia tulibisha. Wageni hawakujua kubisha ni nini, wakaondoka na majonzi yao. Daktari aliuza boti, hakuurudia mto mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Mzee Kibwana alikwisha kutangulia zamani. Kwa hiyo duniani akabaki mtu mmoja anayejua, ndiye mimi.

Na uongo wa pili ulikuwa hivi. Msibani mama yake Shabani aliagiza nipelekwe alipokaa. Alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, ulikuwa naye. Niambie, aliondoka na nini mdomoni?" Mwanaidi alikuwa amekaa karibu naye, amejifunika khanga, akanyanyua uso. Nikasema, "Shahada, mama. Niliisikia kwa masikio yangu." Yule mama akasema alhamdulillah, akaniachia mkono, na kilio chake kikapungua palepale kama mtu aliyepewa dawa. Nikafurahi. Nawaambia ukweli, wanangu, nilifurahi. Nilidhani nimetenda wema.

Watu wote walinifariji kwa neno moja, kwamba ni kadari. Nimesoma chuoni tangu utotoni na nimefundisha watoto Kurani miaka mingi, naijua kadari na ninaiamini. Lakini niliujua pia mkono wangu uliopunga. Kila aliponiambia mtu kwamba ni kadari, nilisikia kama Mungu anasingiziwa nami nimekaa kimya. Nilimwuliza maalimu wangu, bila kumweleza yote, habari za mtu aliyesababisha kifo bila kukusudia. Akaniambia kuhusu kafara, kufunga miezi miwili mfululizo. Nikafunga. Majirani walishangaa, nikawaambia ni kwa ajili ya sukari. Hata hapo nikasema uongo.

Nashukuru kwa afya niliyopewa. Macho yanaona, magoti yananifikisha msikitini. Ila afya hiyo hiyo ndiyo inayonipa siku nyingi za kukumbuka.

Mwaka huu mama yake Shabani alifariki. Baada ya maziko, jamaa wakiwa wamekaa, mtu mmoja akasema marehemu anakwenda kumkuta mwanawe aliyekufa na shahada mdomoni, na akaniomba nisimulie, kwa sababu vijana wa ukoo hawakuwahi kuisikia kwangu mwenyewe. Nikasimama. Nikasimulia. Nilikuwa na ndevu nyeupe na kofia safi, na nikasimulia vizuri kuliko mara ya kwanza. Wengine walifuta machozi.

Nilirudi nyumbani nikashindwa kuswali magharibi kwa utulivu. Nilikwenda kwa maalimu nikamweleza yote. Hakunikemea. Alisema, "Lililo kati yako na Mungu, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Haki ya mja ipo kwa mja. Nenda kwa mwenyewe."

Mwanaidi siku hizi anaishi Kiwangwa, kwa kaka yake, analima mananasi. Nilipanda basi kutoka Bagamoyo, kisha bodaboda. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anasafisha machipukizi ya mananasi ya kupanda, anayapukutisha majani makavu kwa kisu. Amezeeka kidogo. Sauti ni ile ile.

"Shemeji! Leo umepotea njia?"

"Sikupotea. Nimekuja kwako."

"Basi karibu, kaa. Usinishike mkono, una miiba huu."

Tuliulizana hali, ya watoto, ya kazi, ya mvua. Kisha nikasema, "Mwanaidi, siku ile hatukubisha."

Aliendelea kupukutisha. "Shabani hakubisha?"

"Shabani aliinua kafi. Mimi nilimzuia."

"Ulimzuia kwa nini?"

"Wageni walitaka kimya. Walikuwa wanatazama ndege."

"Ndege gani?"

"Mdiria."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mdiria wamejaa hapo bwawani kwa kaka. Wangekuja kwangu niwaonyeshe bure."

Alichukua chipukizi jingine, akalimaliza, akaliweka kwenye fungu. Halafu akasema, "Nimekusamehe, shemeji. Kwa ajili ya Mungu. Watu hukosea kazini, na Shabani naye alikuwa akikosea, usidhani namwona malaika. Na lile boya nilimwambia mara ngapi. Mradi aliondoka vizuri, mengine yote ni ya dunia."

Wanangu, radhi niliyoifuata ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuaga. Bodaboda alikuwa bado barabarani anakunywa maji. Nilikaa pale nikiwaza kwamba labda hili la pili si deni, ni zawadi niliyowapa, na zawadi hairudishwi. Kisha nikakumbuka nilivyosimama na kofia yangu safi.

"Hata hilo, Mwanaidi," nikasema. "Sikuisikia."

"Hukusikia nini?"

"Shahada. Neno la mwisho nililolisikia kwake ni 'zima mashine'. Yule mwanamke alikuwa anakwenda kwenye pangaboi. Shabani ndiye aliyemwokoa. Baada ya hapo sikumsikia tena."

Kisu kilisimama. Nikaharakisha, nikasema yote niliyokuwa nimeyapanga njiani. Nikasema tumefundishwa kwamba anayekufa maji ana daraja ya shahidi. Nikasema aliondoka akiokoa nafsi ya mtu, na hilo ni kubwa. Nikasema huenda aliitamka huko chini, moyoni, wala si lazima masikio yangu yasikie.

"Huenda," alisema.

"Mungu ndiye ajuaye."

"Mungu alijua tangu siku ile. Mimi ndiye niliyekuwa sijui." Aliweka kisu chini. "Mimi sikukuomba huenda, shemeji. Wewe uliniletea hakika. Nimelea watoto watatu kwa hiyo hakika. Yule wa mwisho alipokuwa anaogopa giza, nilimwambia, sema alilosema baba, nawe hutaogopa. Akasema, akalala. Mama mkwe amekwenda kaburini ameishika. Sasa nani atamfuata huko kumwambia?"

Nikasema, "Ndiyo maana nimekuja kukuomba radhi."

"La kiboko nimekusamehe na sirudi nyuma. Hili siwezi. Sikwambii sitaki. Siwezi. Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa naongopa kama wewe."

Kuku walipita katikati yetu. Nilitaka kusema nitangoja, miaka yoyote, kwamba nina subira, lakini niliona hata hilo lingekuwa kumtwisha mzigo mwingine, wa mzee anayengoja. Kwa hiyo sikulisema. Nangoja hivyo hivyo.

Kwenu nasema hivi. Mkikosea mtoni, semeni siku ile ile, maji yakiwa bado kwenye nguo zenu. Mtachukiwa, mtanyang'anywa boti, pengine na zaidi. Lakini siku ya kwanza uongo ni wenu peke yenu, mnaweza kuuvuta mkautoa. Ukikaa, watu wanajenga juu yake, wanalaza watoto ndani yake, na ukija kuung'oa unabomoa nyumba ya mtu aliyekuwa amekwisha kukusamehe.

Niliposimama, Mwanaidi alisimama pia. Alinawa mikono, akajifunga khanga vizuri, akanisindikiza mpaka barabarani, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, mgeni hasindikizwi na macho. Tulitembea hatua moja moja, mimi kwa magoti yangu, yeye akinipunguzia mwendo. Bodaboda aliwasha pikipiki, nikapanda, nikamwambia kwaheri.

"Kwaheri," alisema.

Nilingoja kidogo kabla ya kumgusa dereva bega tuondoke, maana hapa kwetu neno hilo huwa na mwenzake. Hakusema karibu tena.